Nyumba Ipoe Usiku: Hoja Dhidi ya Moto wa Kukesha

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, tangu Maine hadi Minnesota, kuna fundisho ambalo mgeni hupewa kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Huambiwa hivi: ukishaipasha nyumba joto, usiiache ipoe. Themostati, yaani kidhibiti joto cha ukutani, iweke nyuzi 21 za Selsiasi, yaani 70 za Farenhaiti, mchana na usiku. Kama una jiko la kuni sebuleni, lishindilie magogo kabla ya kulala, bana tundu la hewa, moto ukeshe hadi asubuhi. Sababu inayotolewa ni kwamba nyumba ikipoa usiku, tanuri la kupashia nyumba litatumia nguvu maradufu kuirudishia joto alfajiri, na mafuta yatakayoteketea hapo yatazidi yale yaliyookolewa. Jirani humwambia jirani, na baadhi ya mafundi huwaambia wateja wao. Familia zinazozungumza Kiswahili, za Wakongo, Warundi na Wakenya waliohamia huko, hulipokea fundisho hilo pamoja na koti zito na viatu vya theluji, kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Halikuthibitishwa. Linakosea hesabu, linachafua dohani, na linawatoza fedha watu wenye uwezo mdogo wa kuzilipa. Nyumba yenye tanuri na jiko la kuni inapaswa kuachwa ipoe usiku, kwa kiasi na kwa mpango.

Tuanzie kwenye sufuria, maana hesabu hii kila mpishi anaijua bila kufundishwa. Hakuna mama anayeacha maji yakitokota usiku kucha ili asubuhi asipate taabu ya kuchemsha maji ya chai. Anajua kwamba asubuhi moto utahitaji dakika kadhaa za nguvu. Anajua pia kwamba dakika hizo si kitu mbele ya saa nane za kuni kuteketea kwa ajili ya maji ambayo hakuna atakayeyanywa. Sufuria iliyo moto hupoteza joto lake muda wote inapokuwa moto, na kila kinachopotea lazima kinunuliwe upya. Lakini mama huyohuyo akiingia kwenye nyumba yenye tanuri chini ya sakafu, anaambiwa kwamba huku mambo ni kinyume, kwamba huku ni nafuu kuchemsha usiku kucha. Si kinyume. Nyumba nayo ni sufuria, ila ni kubwa na ina madirisha.

Joto hutoka nyumbani kwa sababu ndani kuna joto kuliko nje, na tofauti hiyo ikiwa kubwa zaidi, nalo hutoka kwa kasi zaidi. Isaac Newton alichapisha kanuni hii mwaka 1701, na unaweza kuifananisha na ndoo iliyotoboka karibu na kitako. Ikijaa maji hadi ukingoni, yanaruka kwa nguvu. Yakishuka, yanatiririka polepole. Anayeijaza kila saa ili ibaki imejaa atamwaga maji mengi kuliko yule aliyeiacha ishuke kidogo akaja kuijaza mara moja asubuhi. Tuitie namba. Chukua nyumba iliyo na nyuzi 20 ndani huku nje ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, na tuseme inapoteza kilowati 9. Ikishikiliwa hapo kwa saa 8 za usiku, itapoteza kilowatisaa 72, na tanuri litalazimika kuzirudisha zote. Sasa ishushe hadi nyuzi 16. Tanuri linanyamaza kwa karibu saa tano, huku nyumba ikiishi kwa joto lililohifadhiwa katika kuta, sakafu na samani, tuseme kilowatisaa 40. Ikifika nyuzi 16, tanuri linaamka kuishikilia hapo, lakini sasa upotevu ni kilowati 7.8 tu, maana tofauti ya ndani na nje imepungua. Kufikia alfajiri, joto lililotoka nje ni kilowatisaa 65 hivi. Zile 40 zilizochukuliwa kutoka kwenye kuta ni mkopo, na asubuhi tanuri linaulipa. Linalipa 40 zilezile zilizokopwa. Deni hili halina riba.

Kosa zima la fundisho la moto wa kukesha limo katika kuusoma mkopo huo kama hasara. Wanaolitetea wanaona gharama ya asubuhi wanapolipa zile 40, lakini hawaoni kwamba zilikuwa hazijanunuliwa usiku. Ukijumlisha pande zote mbili za daftari, mkopo na malipo yake hufutana, na kinachobaki ni tofauti ya joto lililovuja: 72 kwa nyumba iliyokesha, 65 kwa nyumba iliyopoa. Hakuna usiku wa baridi ambao hesabu hii hugeuka. Ikiwa nyumba, kwa wastani, ilikuwa na joto dogo zaidi kati ya saa tano za usiku na saa moja asubuhi, basi ilipoteza joto dogo zaidi, na hakuna njia ambayo tanuri la mafuta au gesi linaweza kudaiwa joto ambalo halikupotea. Anayedai kinyume chake lazima aonyeshe joto la ziada limeenda wapi, na hakuna mahali pa kulionyesha.

Jambo hili limepimwa pia katika nyumba halisi. Mjini Ottawa, Kanada, Canadian Centre for Housing Technology ina nyumba mbili pacha zilizojengwa sawasawa ili moja ibadilishwe jambo moja na nyingine iachwe kama kipimo. Katika majaribio ya themostati yaliyofanyika huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyumba ya kipimo ilishikiliwa nyuzi 22 saa zote, na pacha wake akashushwa hadi nyuzi 18 usiku. Kwa msimu mzima wa baridi, gesi ya tanuri ilikadiriwa kupungua kwa takriban asilimia 6.5. Iliposhushwa hadi nyuzi 16, usiku na pia mchana watu wanapokuwa kazini, upungufu ulifika asilimia 13. Wizara ya Nishati ya Marekani nayo inawaambia wananchi kwamba kushusha themostati kwa nyuzi 7 hadi 10 za Farenhaiti kwa saa 8 kila siku kunaweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka. Namba hizi hazilingani, kwa sababu nyumba hazilingani na viwango vya kushusha havilingani. Lakini zote zinaelekea upande mmoja, na upande huo si ule wa fundisho.

Kwa nini basi watu wenye akili zao wameliamini kwa muda mrefu? Nadhani ni kwa sababu wanapima kwa masikio. Tanuri lililoshushwa usiku hunguruma asubuhi kwa muda mrefu bila kupumzika, na mwenye nyumba, akiwa macho kitandani, anasikia kila dakika ya ngurumo hiyo. Tanuri la kukesha huwaka dakika chache na kuzima, likawaka tena na kuzima, mara nyingi kati ya usiku wa manane na alfajiri, wakati ambao hakuna anayesikiliza. La kwanza linasikika kama ubadhirifu, la pili linasikika kama utulivu. Lakini tanki la mafuta halina masikio. Tena ngurumo ile ndefu ina faida yake, kwa kuwa tanuri linalowaka mfululizo huunguza mafuta vizuri kuliko linalowaka na kuzima kila baada ya dakika chache, kama vile gari linaloenda mwendo mmoja barabarani hunywa mafuta kidogo kuliko linalosimama na kuondoka kwenye foleni.

Upande wa jiko la kuni, hasara si ya fedha peke yake. Ili moto wa kuni ukeshe, lazima unyimwe hewa. Mtu hulijaza jiko magogo, hufunga tundu la hewa hadi karibu na mwisho, na moto unageuka kuwa wa kufukiza. Kuni zinazofukizwa haziungui zote. Sehemu ya utamu wake hupanda dohani kama moshi mzito, na moshi huo ukikutana na kuta za dohani zilizopoa huganda na kuwa kreosoti, uchafu mweusi unaofanana na lami na unaoshika moto. Mioto ya dohani huanzia hapo, na ndiyo sababu kanuni za usalama wa moto za Marekani zinataka dohani zikaguliwe kila mwaka. Tangu Mei 2020, Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo linataka majiko mapya yanayopimwa kwa mbao za maabara yasitoe zaidi ya gramu 2 za chembechembe za moshi kwa saa. Lakini jiko bora kiasi hicho, likibanwa hewa hadi moto ufifie, haliwezi kutimiza lililoahidiwa na vipimo vyake. Kuni nazo zinapaswa kuwa kavu, zenye unyevu usiozidi asilimia 20, na kuwaka kwa ndimi za moto zinazoonekana. Moto wa namna hiyo unapasha nyumba jioni, watu wakiwa macho kuufaidi na kuulinda, kisha unaachwa ujifie wenyewe wakati nyumba inalala.

Kuna hatari nyingine ambayo watetezi wa moto wa kukesha hawaitaji, ingawa ni ya nyumba zenye jiko na tanuri kwa pamoja. Mara nyingi themostati ya tanuri imefungwa ukutani karibu na sebule, na jiko la kuni nalo limo humohumo. Moto ukikesha sebuleni, themostati inahisi nyuzi 21 na kulinyamazisha tanuri usiku kucha. Wakati huo vyumba vya mbali vinapoa, na chini ya sakafu, mahali tanuri lenyewe lilipo na mabomba ya maji yanapopita, hakuna chochote kinachowaka. Kwa hiyo jiko linalosifiwa kwamba linailinda nyumba ndilo linaloyanyima mabomba joto katika usiku wa baridi kali. Nyumba ambayo jiko lake limezimika saa sita usiku na tanuri limewekewa kiwango cha chini cha nyuzi 16 ina mlinzi macho. Sebule ikishuka hadi hapo, tanuri litawaka na hewa yake ya joto itafika kila mahali palipo na mfereji wake. Kazi ya jiko ni jioni, kazi ya tanuri ni ulinzi wa usiku, na kila kimoja kinaifanya kazi yake vyema kinapoachiwa zamu yake.

Pingamizi la mabomba lenyewe lina uzito, na sitalipuuza. Maji yakiganda hupasua bomba, na gharama ya bomba moja lililopasuka ndani ya ukuta humeza akiba ya misimu kadhaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliochunguza mabomba yaliyo mahali pasipo na kizuia baridi walionyesha kwamba hatari huanza kuwa ya kweli nje kunapofika nyuzi 7 chini ya sifuri, na Msalaba Mwekundu wa Marekani unashauri themostati ibaki palepale mchana na usiku wakati wa baridi ya kugandisha. Nakubali kwa nyumba ambazo mabomba yake yamepita kwenye kuta za nje au kwenye nafasi za chini zisizozibwa: katika usiku wa baridi kali, usishushe, na acha bomba litone kidogo. Lakini tuangalie kinachokubaliwa hapa. Kinachokubaliwa ni kwamba nyumba yenye kasoro fulani, katika usiku wa aina fulani, itumie mafuta zaidi ili kujikinga na hasara kubwa. Hiyo ni bima, na bima ni gharama. Haithibitishi hata kidogo kwamba kushikilia joto ni nafuu. Na dawa ya kasoro hiyo ni kuyafunika mabomba na kuziba mianya, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuupasha ukuta uliopasuka kuanzia Novemba hadi Aprili si dawa.

Pingamizi la pili ni la afya, na hili lina uzito kuliko yote. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini kilicho salama ndani ya nyumba katika majira ya baridi, na kusema kwamba wazee, watoto na wagonjwa wanaweza kuhitaji zaidi. Taasisi ya Taifa ya Kuzeeka ya Marekani inawashauri wazee wasishuke chini ya nyuzi 68 hadi 70 za Farenhaiti, yaani 20 hadi 21 za Selsiasi, kwa sababu mwili wa mzee unaweza kupoa hadi hatari ndani ya nyumba ambayo kijana anaiona ya kawaida. Penye bibi au babu, chumba chake kishike joto hilo usiku kucha, na kama hakuna njia ya kukipasha peke yake, nyumba nzima ibaki hapo. Penye mtoto mchanga, nyuzi 18 hadi 20 zinatosha. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaonya dhidi ya kumzidishia joto mtoto aliyelala sawa na wanavyoonya dhidi ya mablanketi yaliyolegea kitandani mwake; avalishwe nguo za kulalia zenye kumfunika vizuri. Lakini hapa tena, anayeshikilia joto kwa ajili ya mzee anafanya hivyo kwa sababu ya mzee, naye ajue analipia afya yake. Asiambiwe kwamba anaokoa mafuta. Akidanganywa hivyo, siku mzee akisafiri ataendelea kulipa bila sababu.

Afya inadai pia onyo moja ambalo watu waliotoka nyanda zetu za baridi hawahitaji kutafsiriwa. Huko Njombe, Limuru au Bukavu, wapo waliolala na jiko la makaa chumbani na hawakuamka, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Marekani yenyewe hupoteza zaidi ya watu 400 kila mwaka kwa sumu hiyo, mbali na wanaokufa katika mioto. Nyumba iliyoshushwa joto usiku isimvute mtu kuingiza jiko la makaa ndani, wala kuwasha tanuri la kuokea mikate na kuliacha wazi. Jiko la kuni lililobanwa hewa lina hatari ya jamii hiyohiyo, kwa kuwa kaa linalokufa hutoa gesi hiyo huku dohani iliyopoa ikikosa nguvu ya kuivuta nje. Hii nayo ni sababu ya kuuacha moto uwake vizuri na uishe mapema badala ya kuufukiza hadi alfajiri. King'ora cha kaboni monoksidi kiwepo karibu na vyumba vya kulala, katika nyumba inayopoa na katika ile inayokesha.

Zipo nyumba ambazo hoja hii haizihusu kwa namna ileile, na mlumbi mwaminifu hazifichi. Nyumba inayopashwa kwa pampu ya joto inayotumia umeme inaweza kupata hasara ikishushwa sana, kwa kuwa asubuhi, ikidaiwa joto jingi kwa haraka, huamsha vipashio vyake vya akiba ambavyo hula umeme mwingi kuliko pampu. Hapo ndipo penye riba kwenye ule mkopo, na ni hapo peke yake. Nyumba yenye unyevu mwingi na madirisha ya kioo kimoja inaweza kuota ukungu penye baridi, nayo ishushwe nyuzi mbili tu huku unyevu ukitafutiwa njia ya kutoka. Nyumba iliyozibwa vyema, kwa upande wake, itaokoa kidogo kwa kushushwa, kwa sababu haipoi haraka hata tanuri likizima. Wengine huitumia nyumba hiyo kama ushahidi dhidi yangu, kwamba basi ushauri huu hauna maana. Mimi naona ni kinyume. Nyumba hiyo inapoa nyuzi mbili au tatu tu hadi asubuhi, na mwenye nyumba hana cha kuogopa. Na nyumba mbovu inayopoa haraka, ambayo mwenyewe anaiogopea zaidi, ndiyo inayookoa zaidi inaposhushwa, maana ndiyo ndoo yenye tundu kubwa.

Atabaki anayesema kwamba asilimia 6 ni kidogo mno kubishania. Tuipime kwa tanki. Maine ni jimbo ambalo takriban nusu ya kaya zake hutegemea mafuta ya kupashia nyumba. Familia inayotumia, tuseme, galoni 800 kwa msimu, ikiokoa asilimia 6.5, itabakiza galoni 52. Kwa familia ambayo dereva wa lori la mafuta huijazia galoni 100 kwa mara moja na kusubiri malipo, hiyo ni nusu ya safari yake moja, na ni fedha ambayo haihitaji mkopo wa benki, kifaa kipya wala ruhusa ya mwenye nyumba. Marekani imewahi kulijua hili kwa sauti kubwa. Tarehe 2 Februari 1977, katika msimu wa upungufu wa gesi asilia, Rais Jimmy Carter alikaa mbele ya kamera akiwa amevaa sweta akawaomba wananchi waweke themostati nyuzi 65 za Farenhaiti mchana na 55 usiku, ambazo ni takriban 18 na 13 za Selsiasi. Upungufu ulipita na ombi likasahaulika, lakini hakuna aliyelipindua kwa vipimo. Ninachopendekeza hapa ni chepesi kuliko alichoomba yeye.

Nacho ni hiki. Jioni, washa kuni kavu kwa hewa ya kutosha na uache jiko liipashe nyumba. Magogo ya mwisho yawekwe mapema kiasi kwamba wakati wa kulala yabaki makaa. Themostati iwekwe nyuzi 18, au 16 kwa watu wazima wenye afya na mablanketi ya kutosha wanaokubali kwenda chini ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na ipangwe kuliamsha tanuri saa moja kabla watu hawajaamka, ili anayeweka mguu sakafuni aikute nyumba imeshapata joto. Asiyeniamini asome kipimo cha tanki lake kwa wiki mbili za moto wa kukesha, kisha kwa wiki mbili za nyumba kupoa, akiandika na baridi ya nje ya kila usiku ili alinganishe haki. Asisikilize ngurumo ya alfajiri. Asome mshale wa tanki.